Helmeti ya Askari wa Pasaka

Kama ulikulia Makongeni kule Thika, miaka ile ploti moja ilikuwa na nyumba kumi na mfereji mmoja, utanielewa nikisema Pasaka yetu ilikuwa kubwa kuliko Krismasi. Krismasi sisi watu wa Western tulienda ushago, kijijini kwetu, na ploti ikabaki na kuku. Lakini Pasaka likizo ilikuwa fupi, mvua ilikuwa imeanza, na tulibaki wote. Asubuhi ungesikia mandazi yakichemka kwa mafuta katika kila nyumba, ungesikia mama akiita, “Nekesa, umeoga shingo au umelowesha tu?” Halafu tunaenda kanisani na viatu mkononi kwa sababu ya matope, tunavaa tukifika mlangoni.

Na kanisani kulikuwa na mchezo wa Pasaka. Jamani, mchezo ule! Ndevu za mitume zilikuwa za katani. Kanzu zilikuwa mapazia ya watu, na ukiangalia vizuri ungejua Petro amevaa dirisha la nani. Shida ilikuwa moja tu: hakuna mama aliyekubali mtoto wake awe askari wa Kirumi. “Wangu hatamchapa Yesu,” kila mmoja alisema, na walisema kwa dhati kabisa. Mimi nikiwa na miaka tisa nikainua mkono. Watu walicheka, msichana awe askari? Lakini Baba hakucheka. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mtu wa maneno machache, na alinitengenezea helmeti ambayo Makongeni haikuwa imeona. Ilikuwa na mabati ya kufunika mashavu, kamba ya kidevu, kipande cha blanketi ndani isiniumize, na juu kabisa safu ya nywele za ufagio zilizotiwa rangi nyekundu. Mama alipomuuliza chuma alitoa wapi, alijibu, “Kwa watu wa vyuma kuukuu.” Siku ya mchezo Mama alipiga makofi hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Sijawahi kujisikia mkubwa hivyo tena.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu, wiki chache kabla ya Pasaka, nilikuwa kwa hadiweya yangu hapa Kimbo, nauza rangi kama kawaida, wakati kijana mmoja wa kanisa letu la zamani aliingia na gunia. Brayo, mwenyekiti wa vijana, suruali imebana mpaka nikamhurumia. “Auntie, hii kitu imechoka mbaya,” akasema. “Si tungeagiza tu ya plastiki? Lakini wazee wamekataa, wamesema wewe unajua rangi.” Akamwaga gunia juu ya kaunta. Ilikuwa helmeti yangu! Nilipiga kelele mpaka mteja akarudisha brashi alipoitoa. Brayo alishangaa mtu anaweza kufurahia uchafu kiasi hicho. Vijana wa siku hizi kitu kikiwa na mkwaruzo wanatupa, kisha wanalipa zaidi kununua jeans iliyochanika.

Nilianza kazi hiyo Jumamosi mchana, nyuma ya duka. Kila Pasaka mtu alikuwa ameipaka rangi bila kutoa ya zamani, kwa hivyo ilikuwa na ngozi juu ya ngozi. Nikapaka thina ya kulainisha rangi, nikangoja, nikakwangua, nikapitisha msasa. Ikatoka dhahabu, chini yake kahawia, chini yake buluu, sijui mwaka gani askari wa Roma walivaa buluu. Chini kabisa ikatoka ile rangi ya fedha aliyopaka Baba, nami nikatabasamu peke yangu. Halafu nikang'oa nywele za ufagio, maana zilikuwa zimeliwa na panya. Chini yake Baba alikuwa amebandika kipande cha gunia kwa gundi, na chini ya gunia putty ya kuzibia, nene kuliko ilivyohitajika. Nikaitoa kwa kisu. Nikaona msalaba mdogo umegongwa kwa ncha ya msumari, na kando yake herufi N.

Nilikaa chini. Nilikaa hapo hapo kwenye simiti.

Nyinyi mnajua hizo alama ni za nini. Siku ya harusi au matanga, wanawake wote wa ploti wanaazimana sufuria, na kila mmoja anatia yake alama chini ili zisichanganyike. Wengine walitia tone la rangi. Mama yangu aligonga msalaba na N kwa msumari, N ya Nekesa, mama yake mzazi ambaye mimi nilipewa jina lake. Ndiye aliyempa Mama seti ya sufuria nzito siku anaolewa. Saba. Na moja ya hizo saba ilipotea wiki tatu kabla ya Pasaka ile, wakati wa ruracio, sherehe ya mahari, ya Njeri, mtoto wa jirani yetu Mama Njeri. Mama alikuwa amemwazima zote, na sherehe ilipoisha Baba alitumwa kuzichukua. Alirudi na sita. “Nilipewa sita,” alisema.

Mama na Mama Njeri walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Mimi nilinyonyeshwa na Mama Njeri wakati Mama alilazwa hospitali. Lakini kutoka jioni hiyo Mama hakumsalimia tena. Alimwita mwizi kwa mfereji, kwa duka, kwa chama cha akina mama. Kwetu ukimtaja, ulinyimwa chakula. Hatimaye Mama Njeri akahamia shamba lao Gatuanyaga, na Mama akasema, “Ameenda kupikia sufuria yangu huko.” Miaka ishirini na tisa! Na sufuria ilikuwa kanisani wakati wote huo, na mimi niliivaa kichwani mbele ya Mama!

Baba alishatutoka. Ningeweza kupaka rangi ya andakoti nikafunika kila kitu, na msidhani sikufikiria. Lakini Mama anakaa na mimi hapa Kimbo, na bado husema “yule mwizi”. Nikampelekea. Alikuwa kibarazani akichambua kunde.

“Mama, hii alama ni ya nani?”

Alipitisha kidole gumba juu yake. “Yangu. Umetoa wapi?”

“Ni ile helmeti Baba alinitengenezea.”

“Mayi wee,” akasema, polepole. Halafu, “Hapana. Alisema alipewa sita.” Halafu akaivuta helmeti mapajani, kunde zikamwagika miguuni. “Nekesa, huyu mtu alikuwa anakaa pale pale. Mimi namtukana huyo mwanamke, na yeye amekaa pale, anakula ugali wangu.” Nikamkasirikia Baba kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Labda alitaka tu mtoto wake apendeze siku moja, kisha maneno ya Mama yakamtangulia, akaogopa. Sijui. Mama hakula siku hiyo. Asubuhi alinikuta nikifungua duka, tayari amevaa nguo ya kanisa. “Nipeleke Gatuanyaga,” akasema.

Tulishuka kwa bodaboda tumekuwa wekundu kwa vumbi. Mama Njeri alitoka kwenye zizi la mbuzi akipangusa mikono, amekonda, nywele nyeupe. “Ngai! Mama Wafula?” akaita, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Alituwekea viti. Njia yote Mama alikuwa amepanga maneno. Alichomoa tu helmeti kutoka kwa kiondo, akaiweka chini mbele yake, alama ikitazama juu.

Mama Njeri hata hakuinama. “Hiyo nilijua kitambo,” akasema.

“Ati nini?” Hiyo ilikuwa sauti yangu.

“Si ni mimi nilikufunga kamba ya kidevu siku ile, wewe Nekesa? Blanketi ya ndani iliachia, nikaona kwa ndani vinundu vya ile alama ya msumari. Sufuria nimepikia mara mia, nitakosa kuijua?”

“Na ukanyamaza?” Mama akauliza. “Nikikutukana hivyo?”

“Ningesema nini, mama? Niaibishe mzee wako kanisani, mtoto akiwa ameivaa? Nilingoja wewe uje uniulize. Ningekwambia tuko wawili, tucheke, iishe. Uliuliza ploti nzima. Uliuliza mpaka mwenye duka. Mimi hukuniuliza.”

Mama alilia bila kujificha. Akasema pole, akaisema tena, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Mama Njeri akamshika mkono, akaagiza chai. Tukaanza kupumua. Mama, akitafuta neno la kupunguza uzito, akauliza, “Na Njeri siku hizi ako wapi?”

Mama Njeri alitazama kikombe chake. “Njeri tulimzika, Mama Wafula. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Wanawake wa Makongeni walikuja wote na sufuria zao. Nilihesabu alama moja moja nikitafuta yako, nikasema labda umemtuma mtu.”

Sisi wa rika langu tunapenda kujisifu kwamba zamani jirani alikuwa jirani, na watoto wetu hawana adabu. Binti yangu alikosana na rafiki yake mwezi jana, akamwendea mlangoni akamuuliza usoni, “Kwani nilikufanyia nini?” Nilimgombeza, nikamwambia hiyo si heshima, sisi hatukulelewa hivyo. Na ni kweli, hatukulelewa hivyo. Mama yangu aliondoka Gatuanyaga jioni akiwa amebeba msiba wa miaka kumi na moja kama wa jana, na kesho yake alinituma nitoe zile sufuria sita kabatini, nizioshe, akisema atazipeleka kwa Mama Njeri.