Kamera Tatu Kona Baridi

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita asubuhi. Saa hiyo sikuikisia. Kabla ya kutoka nyumbani Kitengela nilikuwa nimelinganisha saa za kamera tatu na saa yangu ya mkononi, na mpaka leo picha ya kwanza inaonyesha dakika hiyo hiyo. Nakuambia mapema kwa sababu utafika mahali utataka kusema nilikuwa na usingizi, au nilikuwa nimelewa. Sinywi. Nimefanya kazi miaka ishirini na minane kwenye mizani ya malori ya simiti, na mtu wa mizani haandiki kitu ambacho hakukiona.

Mke wangu, Mama Mumbua, alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi nilimpeleka Kajiado akasafishwe damu. Jioni moja tuliporudi, miguu yake imevimba juu ya stuli, aliniomba kitu kimoja. Alitaka picha nzuri. Moja tu, akiwa nje mahali pazuri, uso wake ukionekana.

"Siku yangu ikifika, mtaweka ile ya kitambulisho kwa programu ya mazishi," akasema. "Ile nakaa kama mtu ameshikwa na polisi. Sitaki watoto wanikumbuke na ile."

Nikamwambia aache maneno hayo. Kisha nikamwahidi picha.

Utauliza, na simu? Yake ilikuwa kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Yangu ilikuwa na kioo cha kamera kilichopasuka. Binti yetu Mumbua yuko kazini ng'ambo, na mdogo wake yuko huko huko. Tena nilikuwa na maoni yangu juu ya picha za simu, na niliyasema nyumbani mara nyingi kuliko ilivyofaa. Zilizobaki ni picha za harusi za watu wengine, ambamo Mama Mumbua ni paji la uso nyuma ya kofia ya mtu.

Upigaji picha sikuusomea darasani. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kuandika daftarini, kama nilivyojifunza umeme wa nyumba na ufundi wa saa. Nilijua kwamba wingi wa megapikseli haukusaidii kitu ikiwa sensa, kile kijibamba kinachopokea mwanga, ni ndogo kama punje ya mchele. Nilitaka kamera inayoingia mfuko wa koti, sensa isiyopungua inchi moja, lenzi inayovuta mbali bila kupoteza mwanga, kitundu cha kuchungulia kwa sababu jua kali huua skrini yoyote, na mwili usioingiza vumbi. Kamera yenye hayo yote haipo. Ukipata zumu ndefu ya kuvuta mbali, unapoteza mwanga. Ukipata isiyoingia vumbi, sensa inakuwa ndogo. Miezi saba nilizunguka hapo hapo.

"Baba Mumbua," mke wangu aliniambia siku moja akiniona na daftari, "wewe ukifika mbinguni utaomba kuonyeshwa waranti ya mabawa kwanza."

Nilicheka. Sasa nahesabu. Miezi saba ni safari sitini za Kajiado, na kila safari alirudi mwepesi kidogo.

Mwishowe nilibakiza tatu. Niliziita A, B na C. A ilikuwa na mwanga mzuri na zumu fupi. B ilivuta mbali na ilikuwa ghali kuliko zote. C haikuogopa vumbi wala maji. Kuna kijana Kitengela anayekodisha kamera kwa wapiga picha wa harusi, shilingi elfu mbili kila moja kwa siku. Nilizikodi zote tatu kwa Jumamosi moja. Nia yangu ilikuwa twende Loitokitok, asimame mlima ukiwa nyuma yake, lakini safari ile ni ndefu kwa mtu mwenye miguu kama yake. Tukakubaliana Magadi, ziwani, akaone flamingo. Kona Baridi, njiani pale juu ya bonde, ningesimama kujaribu kamera kwenye ukungu, kisha Magadi ningezijaribu kwenye jua. Itakayoshinda pote pawili, Jumatatu naenda kuinunua.

Pale Kona Baridi niliegesha gari kando ya barabara. Ukungu ulikuwa umekaa chini, upepo haupo, jambo ambalo si la kawaida mahali pale. Nikamwambia Mama Mumbua akae ndani kwenye joto hadi nisimamishe stendi ya miguu mitatu. Akasema sawa, akavuta leso hadi kidevuni.

Nilipoinua kichwa, tayari alikuwa amesimama karibu na jiwe lililopakwa chokaa, hatua nne mbele yangu. Ile sweta ya rangi ya damu ya mzee. Ile leso. Sikusikia mlango wa gari, lakini nani husikiliza mlango wa gari lake mwenyewe?

"Hapa?" akauliza.

"Sogea kushoto kidogo," nikasema. Akasogea.

Sasa nisikilize vizuri. Kamera hizi zina kisanduku kidogo kwenye skrini kinachotafuta uso wa mtu. Kikiwa kinatafuta ni cha manjano. Kikiupata uso kinageuka kijani, na kamera inalia kidogo. Nilianza na A. Kisanduku kilizunguka kwenye skrini kama nzi. Kilipita juu ya uso wake, kikaenda kwenye jiwe, kikarudi, kikapita tena. Nilipiga hivyo hivyo picha ishirini na moja. Kisha nikatoa daftari nikaandika: "A. Haitambui uso kwenye ukungu."

Nikafunga B kwenye stendi. Ikawa vile vile, picha ishirini na moja. Nikaandika tena maneno yale yale.

Kulikuwa na baridi na pumzi yangu ilikuwa inatoka nyeupe. Yake haikutoka. Niliona. Niamini, niliona, na nilichofanya ni kuandika chini ya B: "Hainasi mvuke wa pumzi." Niliipunguzia kamera maksi.

"Umechagua?" akauliza. Sauti ilikuwa yake.

"Bado moja."

"Maliza basi."

Alisimama vile dakika zote hizo bila kuegemea kitu. Mke wangu hakuwa na uwezo wa kusimama dakika tano. Nilimjua miaka thelathini na moja, nilimvalisha soksi asubuhi hiyo hiyo kwa sababu hakuweza kuinama, na sikuona ajabu. Nilikuwa nimeinamia skrini.

Nikafunga C. Kisanduku kikaendelea kuzunguka, manjano, manjano. Kwenye picha ya ishirini na moja nilimwambia, "Jaribu kusimama karibu na gari, pengine pana mwanga." Akatembea kuelekea gari. Nikageuza kamera kumfuata. Ghafla kisanduku kikaruka hadi ukingoni mwa skrini, kikatulia, kikawa kijani, kamera ikalia. Nilifurahi sana. Nikabonyeza. Saa ilikuwa kumi na mbili na dakika arobaini na saba.

Nikainua macho. Hapakuwa na mtu kando ya gari. Ndani ya gari, nyuma ya kioo kilichojaa mvuke, mke wangu alikuwa amelala, leso kidevuni, kichwa kimeinamia bega la kushoto, kama nilivyomwacha.

Nikagonga kioo. Ilibidi nigonge mara tatu. Akafungua macho.

"Tumefika?" akauliza. "Kumbe hata hujaanza?"

Nikamwashiria angoje. Nilitembea hadi kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, ambapo mama mmoja Mmaasai alikuwa anachemsha chai ya madereva. Nilitaka tu kusimama karibu na mtu.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitika. Akaniangalia juu hadi chini. "Mzee, wewe ni wa kupima barabara?"

"Hapana. Nilikuwa nampiga mke wangu picha pale."

"Mama gani? Mama si amelala. Mimi nimekuangalia tangu niwashe moto. Unaambia ukungu usogee kushoto. Unaambia ukungu uinue kidevu." Alicheka, halafu akaona uso wangu akaacha. "Kwani ulikuwa unaona mtu?"

Nikageuka kutazama gari.

"Kama ulikuwa unaona mtu," akasema polepole, "mimi usiniambie alikuwa nani." Akanipa chai, na nilipotoa pesa akakataa kuzishika.

Niliporudi, jua lilikuwa limepasua ukungu. Bonde lote chini lilikuwa limefunguka hadi vilima vya mbali, rangi ya shaba. Mama Mumbua alikuwa ametoka garini mwenyewe, ameshikilia mlango, anatweta kidogo, na pumzi yake ilikuwa inatoka nyeupe. Alikuwa amefunga leso upya. Alikuwa amejipaka mafuta midomoni.

"Si huu ndio mwanga unaongojanga?" akasema. "Nipige sasa."

Kamera C ilikuwa mkononi mwangu. Utasema ningefanya nini zaidi ya kuinua mkono? Lakini niliogopa. Niliogopa kwamba nitaielekeza kwake, kisanduku kizunguke manjano, kipite juu ya uso wake kiende kwenye jiwe. Ningeishije nikishaona hivyo? Sikutaka kujua.

"Betri zimeisha," nikasema.

"Zote tatu?"

"Zote. Ni hii baridi."

Betri ya C ilikuwa asilimia themanini na mbili. Hiyo pia niliiandika, baadaye.

Akatazama bonde kidogo. "Haya basi," akasema. "Nipeleke nikaone hao ndege na macho."

Nikampeleka. Magadi alikaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, miguu nje, maji yakiwa ya waridi mbele yake na flamingo wakitembea kama watu waliopoteza kitu. Alicheka siku ile kuliko miezi saba yote. Joto lilimfurahisha. Alivua sweta. Alinionyesha ndege mmoja aliyesimama peke yake, akasema yule ni mimi, natafuta kamera. Kamera tatu zilikuwa kwenye buti, nyuma ya gari, nimezifungia kwa ufunguo. Umbali kutoka mahali alipokaa hadi kwenye buti ni hatua mbili.

Jioni nilinakili picha kwenye kompyuta kabla ya kurudisha kamera. Ni sitini na tatu. Sitini na mbili zina ukungu, reli ya barabara na jiwe lenye chokaa. Hazina mtu. Ya sitini na tatu, pembeni, ina kioo cha gari langu, na nyuma ya kioo ni uso wa mke wangu, macho yamefungwa. Kamera ilikuwa imeuwekea kisanduku cha kijani. Niliitazama kwa muda mrefu. Sikumwonyesha.

Yule kijana wa kukodisha aliniuliza, "Mzee, sasa umeamua gani?"

"Zote zimefeli," nikamwambia.

"Hizo? Hizo hazifeli, mzee."

Sikununua. Sikushika kamera tena. Mama Mumbua hakuniomba tena, na hilo ndilo linaloniamsha, kwamba hakuniomba. Nadhani alijua nilidanganya kuhusu betri. Sidhani alijua kwa nini, na sikuwahi kumweleza. Alifariki wiki kumi na moja baadaye, Jumatano asubuhi, kabla sijamvalisha soksi.

Mumbua alipiga simu kutoka huko aliko, akilia. "Baba, tuma ile picha ya Mum ya Magadi ndio waweke kwa programu. Si mlienda na kamera?"

"Haikutokea," nikasema.

Tukaweka ya kitambulisho. Kuna studio hapa Kitengela inayokuza picha za namna hiyo. Walijitahidi, lakini ukikuza kitu kidogo unapata ukungu tu.

Siku ya mazishi tulipanga foleni kumwona mara ya mwisho. Majeneza ya siku hizi yana kioo kidogo juu, sehemu ya uso. Ilipofika zamu yangu niliinama. Kichwa chake kilikuwa kimeinamia bega la kushoto. Shuka ilikuwa imefika kidevuni. Kwa sababu ya baridi ya mochari, kioo kilikuwa na mvuke. Picha hiyo nilikuwa nimeiona tayari. Ninayo nyumbani, namba sitini na tatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba, fokasi imepata uso. Ndiyo picha pekee nzuri ya mke wangu niliyopiga maishani, na siwezi kumwonyesha mtoto wetu yeyote.

Tangu hapo watu wakinielekezea simu wanipige, simu zao zinahangaika. "Baba, sogea kidogo, inakataa kukushika," Mumbua aliniambia alipokuja likizo. Alidhani ni mwanga. Nami nilisogea kushoto, kama nilivyoambiwa.

Kwa hivyo nakuonya. Ukiwa nje na kamera, na kamera ikakataa kuona uso wa mtu aliyesimama mbele yako, usiandike popote kwamba kamera ni mbovu. Iweke chini. Geuka utazame watu uliokuja nao wako wapi. Na wako akisema yuko tayari, mpige picha dakika hiyo hiyo, hata kama unaogopa kitakachoonekana. Mimi ningeona kisanduku cha kijani. Nina hakika sasa. Alikuwa anatweta, alikuwa na mafuta midomoni, alikuwa hai kabisa.

Daftari bado ninalo. Ukurasa wa mwisho una hesabu, kwa sababu sijui kufunga daftari bila hesabu. Pesa nilizoweka za kamera, shilingi laki moja, elfu kumi na nane na mia tano. Kukodi tatu, elfu sita. Studio kukuza picha ya kitambulisho, elfu moja na mia mbili. Nilichookoa: shilingi laki moja, elfu kumi na moja na mia tatu.