Ukuta Nyuma ya Beseni

Nilirudi kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa na diploma ya upigaji picha, na sikuipata kwa msaada wa mjomba wala mbunge. Niliosha sahani hotelini miaka mitatu, nikasoma, nikafaulu. Katika mtaa wetu wote wa Umoja hakukuwa na mwingine mwenye karatasi kama hiyo. Nilipokodi duka langu karibu na soko, kitu cha kwanza kutundikwa ukutani kilikuwa diploma, kabla hata sijanunua kiti cha wateja.

Studio nyingine zilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mteja alisimama mbele yake na suti ya Jumapili, mkono mmoja juu ya redio ya kuazimwa, uso umekauka kama anasubiri kusomewa hukumu. Mimi nilikataa pazia. Nilisema ni la washamba, kwamba picha ya kweli hupigwa mtu akiwa kwake, akifanya kazi yake. Wengi walinicheka. Walisema huyu wa ng'ambo amelipa nauli yote ile akajifunze kupiga watu wakiwa hawajaoga.

Jumamosi moja asubuhi nilipita kwa jirani yangu, dereva wa lori la Mombasa, mtu wa Machakos. Mkewe alikuwa uani anafua kwenye beseni. Jirani wa pili alimtania kutoka ng'ambo ya ua, naye akarusha kichwa nyuma akacheka, povu mpaka kwenye viwiko. Nilibonyeza kamera kabla hajaniona. Alipogeuka alilalamika kwamba nimempiga na leso ya jikoni, ningengoja abadilishe. Nilimwambia atanishukuru.

Na ilikuwa picha kweli. Kila kitu kilitoka wazi, cha mbele na cha nyuma, jinsi nilivyofundishwa. Niliikuza, nikaiweka dirishani. Kwa mwezi mzima watu walisimama kuitazama, na mimi nilisimama mlangoni kuwatazama wakiitazama.

Jumatatu moja akasimama bwana mmoja mwenye faili la kahawia. Alikaa pale muda mrefu kuliko wengine, nikatoka kumsaidia kuelewa anachokiona.

"Hata matone ya maji unaweza kuyahesabu," nikamwambia. "Na tazama kule nyuma. Yule fundi, ona mwiko wake. Ona simiti inavyodondoka. Studio gani hapa itakutolea hivyo?"

Akauliza nilipiga lini. Kwa fahari nilimwambia kwamba mimi huandika tarehe nyuma ya kila picha, na hii ilikuwa ya mwezi uliopita.

"Huyu si mke wa dereva wa nyumba ya kona?"

"Ndiye."

Akafungua faili, akaandika. Ndipo nilipouona muhuri wa kanjo, baraza la jiji, kwenye jalada.

Siku hizo kila mtu Umoja alikuwa anaongeza chumba. Nyumba zilikuwa ndogo, na ramani uliyopeleka kanjo kupitishwa ingeweza kukaa huko mpaka watoto waoe. Kwa hiyo watu walijenga Jumamosi na Jumapili, maofisa wakiwa wamepumzika, na Jumatatu walisema chumba kilikuwapo tangu zamani. Dereva naye alimwambia hivyo ofisa huyu huyu: nyumba niliinunua ikiwa hivi, mzee. Na sasa pichani, nyuma ya mkewe, ukuta wa chumba hicho ulikuwa umefika kiunoni mwa fundi.

"Bila ushahidi lilikuwa neno langu na neno lake," ofisa alisema. "Naenda ofisini. Saa nane nakuja kuichukua. Usiitoe hapo."

Chumba kisicho na ramani iliyopitishwa kanjo hukibomoa, na tulishaona vingine vikibomolewa. Nilifunga duka nikaenda kwa dereva karibu mbio. Yeye alikuwa safarini. Mkewe alinisikiliza akiwa ameshika kibanio cha nguo, na nilipofika pale nilipomwonyesha ofisa mwiko wa fundi, akakiachia kikaanguka.

"Wewe mwenyewe ulimwonyesha?"

Niliinama nikakiokota kibanio.

"Umetuuza kwa sifa," akasema.

Mlango wa chumba kipya ulikuwa wazi. Ndani, kitandani, alikaa mama mkwe wake, miguu imevimba, juu ya kigoda. Alikuwa ameletwa kutoka nyumbani ili awe karibu na kliniki. Kwenye vyumba vingine walilala watoto watano. Bibi yule alinisalimia kwa upole, akaniuliza kama nimekuja kumpiga picha.

Nilimwambia mkewe dereva kwamba ningeitoa picha dirishani na kuificha. Akasema ofisa angeitafuta, kwamba anayejua kuuliza tarehe anajua pia kufungua droo. Nikajaribu kumweleza kwamba sijawahi kupiga picha bora kuliko ile, kwamba nilitaka kumpelekea mwalimu wangu Uingereza.

"Picha ni yako," akasema. "Ukuta ni wangu. Twende."

Alitembea mbele yangu mpaka dukani. Niliingia kwenye chumba cha giza, naye akaketi nje ya mlango, nikimsikia akipumua. Nilitengeneza picha nyingine kutoka filamu ile ile, safari hii uso wake na mikono yenye povu tu, bila ua, bila fundi. Mimi ambaye niliwaambia watu wote kwamba picha ya kweli haikatwi. Nilipotoka alitaka ile kubwa, kisha akataka na filamu yenyewe. Nilimpa. Aliviweka vyote juu ya jiko la muuza mahindi nje, tukasimama mpaka vikaisha. Saa nane kasorobo niliweka picha mpya dirishani, ingali na unyevu, ncha zimejikunja.

Ofisa alikuja kwa wakati. Alisimama pale pale. Mkewe dereva alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha wateja kama mteja.

"Ilikuwa pana zaidi," ofisa akasema.

"Nimeikata, mzee. Ilikuwa na vitu vingi."

"Na filamu?"

"Imeungua."

Aliingia. Alimtazama yule mama, naye akamtazama bila kuteremsha macho. Alinitazama mimi, kisha diploma, akaisoma yote mpaka sahihi. Alifungua faili, akalifunga.

"Unapiga picha za familia?"

Nikasema napiga.

"Jumapili nitaleta yangu. Una pazia?"

Nilimwambia sina, kwamba mimi hupiga watu nyumbani kwao.

"Tafuta pazia," akasema taratibu. "Mimi pia nakaa Umoja, na nyumba yangu nayo ilikuwa ndogo."

Alipoondoka mama yule alicheka, si kwa nguvu kama siku ile ya kufua, akaenda kumpikia mama mkwe wake. Mumewe aliporudi kutoka Mombasa hakunisemesha mpaka Krismasi.

Nilinunua kitambaa sokoni Gikomba, cha buluu, bila maporomoko, nikakitundika dukani. Jumapili ofisa alikuja na mke na watoto wanne, wote wamepakwa mafuta wakang'aa. Kabla sijainua kamera alirudi nyuma mwenyewe, akavuta ncha za pazia, kushoto na kulia, mpaka hapakuonekana hata inchi moja ya ukuta. Ulikuwa ukuta wa diploma. Hakuna aliyeuliza ilikokwenda, na picha ilitoka nzuri sana.