Fidla, Mguu na Sakafu ya Studio

Mzee aliyenifundisha fidla alikuwa Mskoti. Mama alimpikia miaka mingi nyumbani kwake Msasani, nami nikitoka shule nilipitia huko kumsubiri turudi wote Temeke. Hakutumia kitabu. Alipiga kipande, nikakirudia, akatikisa kichwa, nikakirudia tena. Nilipokua niliingia kikundi cha taarabu, lakini zile nyimbo za kwao za kuchezea hazikunitoka.

Mwaka jana binti yake aliniandikia kwamba mzee, aliyekwisharudi kwao, haoni tena, na vidole havishiki upinde. "Anauliza kama bado unazikumbuka."

Tangu siku hiyo sikutulia. Napika, vidole vinatafuta nyuzi kwenye mpini wa mwiko. Nakaa, nasimama, naanza kufua nguo zilizo safi. Wiki ya tatu nikaenda studio moja Kinondoni, chumba cha uani kilichobandikwa trei za mayai ukutani, nikamwambia prodyuza nataka albamu nzima, fidla peke yake.

Alisikiliza kipande cha kwanza hadi mwisho.

"Sista, hapa panakosa biti."

"Usiweke."

"Sasa watu watachezea nini?"

"Fidla."

Hakubisha. Ila kupiga peke yangu kulikuwa kugumu; kikundini nimezoea kukaa kati ya kinanda na akodiani. Ukiteleza, wenzako wanakufunika. Pale kila mkwaruzo ulisikika. Feni ilikuwa imezimwa kwa sababu ya kelele, jasho likanishukia kidevuni. Halafu prodyuza akavua hedifoni.

"Unagonga nini?"

"Mguu."

"Utulize basi."

Nikavua viatu. Mguu bado ukasikika. Akaleta godoro, nikasimama juu yake, na safari hii mguu haukusikika. Lakini kipande kilitoka kama tangazo la msiba. Nikarudia mara sita, kila mara kibaya kuliko mwanzo. Nikatoka nje, nikaenda mpaka barabarani na kurudi, nikaenda tena. Niliporudi nikamwambia aondoe godoro.

"Mguu utaingia kwenye rekodi," alisema.

"Uingie."

Alinitazama kidogo, kisha akavuta maikrofoni ya pili, akaishusha karibu na sakafu. Hadi alasiri tulikuwa na vipande tisa.

Nilivituma kwa binti yake mzee. Siku nne nilikuwa nikifungua simu kila baada ya dakika chache, hata mazoezini, mpaka kiongozi wa kikundi akaniuliza kama nina mgonjwa. Siku ya tano binti alinitumia sauti ya baba yake. Ilikuwa dhaifu, lakini Kiswahili chake kilikuwa kile kile.

"Huyu hajatulia bado," alisema, na nyuma yake fidla yangu ikiendelea.

Nilimpelekea mama simu asikilize. Akacheka, akasema mzee akipenda kitu ndivyo asemavyo. Mie sina hakika. Nimekisikiliza tena kipande cha nne, nimekikimbiza mno. Jumamosi nimeomba nafasi nyingine studio.