Lifti ya Kwenda Manah

Nilipofika Sur nilikuwa nimeshazunguka Oman kwa lifti kwa siku kumi, na nilijiona fundi. Nilikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Tanga, mwenye miaka thelathini na mbili na likizo ya mwezi mmoja, na pesa niliyokuwa nayo isingetosha kupanda teksi kutoka mji mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimejiwekea masharti na niliyafuata kama sala. Nasimama baada ya mzunguko wa barabara, mahali ambapo magari bado hayajashika kasi na yana nafasi ya kuegesha. Nafunika nywele. Sipandi gari lenye wanaume peke yao. Namuuliza dereva anakokwenda kabla sijamwambia ninakokwenda mimi, ili nikitaka kukataa niwe na njia ya kukataa. Naipiga picha namba ya gari na kumtumia dada yangu Tanga. Na begi langu linakaa mapajani mwangu, haliendi nyuma ya gari hata mara moja.

Asubuhi ile ya Jumanne, nje kidogo ya Sur, lilisimama gari jeupe. Mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa kwenye usukani, na pembeni yake mwanamke wa umri uleule, amejifunga shungi jeusi. Nilimuuliza mzee kwa Kiarabu changu cha kubahatisha anakwenda wapi. Kabla hajajibu, mwanamke aligeuka akaniangalia usoni.

"Watoka wapi, mwanangu?"

Nilishtuka kidogo kukisikia Kiswahili. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia natoka Tanga, nataka kwenda Nizwa. Akasema wao wanarudi kwao Ibra, na kutoka Ibra Nizwa si mbali. Mzee alikuwa ameshashuka. Alilichukua begi langu mkononi mwangu, kwa adabu kabisa, akaliweka nyuma. Nilitaka kumzuia, nikaona aibu. Watu wazima kama wale, mke na mume, ningewaambia nini? Nami asubuhi ileile nilikuwa nimeitoa pasipoti kwenye kipochi cha kiunoni, kwa sababu jasho lilikuwa linailowesha, nikaitia ndani ya begi.

Njia nzima bibi alizungumza. Alizaliwa Unguja, mjini, akaondoka na dada yake mkubwa akiwa mtoto wa miaka minane. Kiswahili chake kilikuwa safi na cha zamani. Alisema "yakhe", alisema "khatari" kwa kh ya kooni, na aliniuliza bei ya samaki Tanga kama mtu anayekwenda sokoni jioni. Mzee hakusema neno. Nilidhani Kiswahili hakijui.

Tulipofika Ibra niliomba kushushwa barabara kuu. Bibi alisema jambo hilo haliwezekani, mgeni haachwi barabarani saa ya chakula. Nilikula kwao wali na nyama, tende na kahawa. Nilipoomba kuondoka, aliniambia jua ni kali, nipumzike. Jua lilipopungua aliniambia msichana hasimami njiani magharibi. Akanionesha chumba chenye godoro zuri na kiyoyozi. Begi langu lilikuwa limeshaingizwa chumbani kwake, ndani ya kabati, na kabati lilikuwa limefungwa.

"Liko salama," alisema. "Kesho inshallah."

Siku ya pili niliamka mapema, nikaoga ili niwe tayari kwa safari. Nguo zangu za safari hazikuwepo. Alikuwa amezifua, na badala yake alinipa gauni lake refu lenye taraza kwenye mikono. Tulikaa jikoni tukitengeneza chapati, naye akawa ananiuliza majina ya vitu. Mwiko. Mbuzi ya kukunia nazi. Kifuu. Akilisikia neno alilokuwa amelisahau, alilirudia mara mbili tatu polepole. Watoto wake walikuwa Maskati na kazi zao, aliniambia, na Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Kila nilipotaja Nizwa alisema ndiyo, Nizwa, na akanipa kitu kingine cha kukata.

Sikujua niite nini hali ile. Hakuna aliyenigusa wala kunitisha. Nililishwa kuliko nilivyowahi kulishwa. Lakini geti la chuma lilikuwa refu kunipita, nguo nilizovaa hazikuwa zangu, na pasipoti yangu ilikuwa nyuma ya mlango wa kabati la mtu. Mzee alipita ukumbini akienda na kurudi msikitini, akinisalimia kwa Kiarabu bila kunitazama sana. Dada yangu aliandika: umefika Nizwa? Nikamjibu kesho. Akaandika tena: uko sawa? Nilianza kuandika habari za kabati, nikafuta. Mwisho nikamwandikia kwamba niko salama, ingawa sikuwa na hakika.

Alhamisi mchana, wenyewe walipolala, nilitoka. Geti halikuwa na kufuli, lilikuwa na komeo tu, na komeo lilifunguka bila kelele. Nilitembea kuelekea barabara kuu, katikati ya kuta za mashamba ya mitende, na viatu vya bibi vikinipwaya miguuni. Hakukuwa na mtu nje. Nilitembea kama nusu saa hivi hadi nikayaona magari yakipita kwa kasi. Nikasimama pale na gauni la watu, bila begi, bila maji, bila karatasi hata moja ya kuonesha mimi ni nani. Gari moja lilipunguza mwendo, na nikajikuta narudi nyuma hatua mbili. Dereva akaendelea zake. Nilisimama kidogo, kisha nikageuka nikarudi nilikotoka, na njia nzima ya kurudi nililia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipa maji, akasubiri nimalize bilauri, akaingia ndani na kurudi na ufunguo. Aliuweka kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Begi lako hilo. Ukitaka kwenda, nenda sasa hivi, sitakuzuia. Lakini nisikilize kwanza."

Alinieleza taratibu, huku akiangalia chini. Yule dada yake mkubwa, aliyemlea tangu walipotoka Unguja, ameolewa Manah, karibu na Nizwa. Miaka minne iliyopita mtoto wa kiume wa dada alimwoa binti wa bibi huyu, na baada ya mwaka akamwacha kwa maneno mabaya, mbele ya watu. Mzee aliapa kwamba hataingia tena katika nyumba ile. Tangu siku hiyo bibi hakwenda Manah. Gari hajui kuendesha. Watoto hawataki kumpinga baba yao. Kupanda teksi peke yake bila idhini ya mumewe, katika umri ule, ingekuwa kuivunja nyumba yake kwa mkono wake.

Mwezi mmoja nyuma, dada alipatwa na kiharusi. Ulimi ulimrudia kidogo, lakini haukurudi na Kiarabu. Ulirudi na Kiswahili peke yake. Mumewe hakijui, mkamwana hakijui, na mtumishi anatoka nchi nyingine kabisa. Wote wakasema mgonjwa anaropoka.

"Walinipigia nimsikie," bibi alisema. "Wakaweka simu mdomoni mwake. Alikuwa akisema, nigeuzeni, ubavu waniuma. Mwezi mzima mtu anaomba ageuzwe, mwanangu, na watu wamemzunguka wakimsomea. Niliwaambia wamgeuze, lakini akiomba jingine nani atamwelewa?"

Akajifuta uso kwa ncha ya shungi. Kisha akaniambia lililobaki. Mumewe hamkatalii mgeni. Kama mimi nikiwa bado hapa Ijumaa, baada ya sala ataniendesha mwenyewe mpaka Nizwa, ameshasema. Na kama mimi nikimwambia kwamba nataka kuuona mji wa kale wa Manah, ambao wageni wote huenda kuutazama, hatakataa kupita huko.

"Nilipokuona pale Sur nilisema huyu kaletwa na Mungu. Nisamehe. Nilikuweka, ndiyo. Nilikuweka makusudi."

Nilikuwa na ufunguo mkononi. Niliufungua mlango wa kabati, nikalitoa begi, nikaikuta pasipoti palepale nilipoitia. Nililiweka begi kitandani na kukaa pembeni yake. Ningeweza kuondoka. Barabara nimeshaiona, nusu saa kwa miguu. Lakini kila nilipotaka kuinuka nilimsikia yule mwanamke wa Manah, ambaye sijawahi kumwona, akiomba ageuzwe. Nilikasirika. Nilimkasirikia bibi kwa kuniambia. Kabla ya hapo nilikuwa nimefungwa na kabati, na kabati lina ufunguo.

Nilibaki.

Ijumaa baada ya chakula tulipanda gari, wao mbele, mimi nyuma, begi langu mapajani. Bibi alikuwa na kifurushi kidogo cha nguo ambacho alisema ni zawadi. Tulichukua njia ya Sinaw, tambarare ya kokoto pande zote mbili, bila kitu cha kushika macho. Mikono ya bibi ilikuwa imeshikana mapajani. Tulipoanza kuona vibao vya Manah, aligeuza kichwa kidogo tu, nami nikajua zamu yangu imefika. Nikasema kwa Kiarabu sentensi niliyoikariri usiku kucha, kwamba ningependa kuuona mji wa kale wa Manah, kama si taabu.

Mzee aliniangalia kwenye kioo. Aliniangalia muda mrefu kiasi cha mimi kuogopa kwamba gari litaacha njia. Kisha akakunja kona. Vibao vya rangi ya kahawia vinavyoelekeza wageni kwenye mji wa kale tulivipita bila kupunguza mwendo. Tuliingia kati ya mashamba, tukapita mfereji wa maji na msikiti mdogo, tukasimama hatua kama thelathini kutoka kwenye geti la kijani. Akazima gari.

Bibi alimtazama. Alichukua kifurushi chake, akashuka, akatembea kwa haraka ambayo sikutegemea kwa magoti yake, na geti likafunguliwa kabla hajabisha.

Nilitaka kushuka nimpe nafasi mzee. Nikavuta kishikio cha mlango, haukufunguka. Nikajaribu wa pili, nao vilevile. Nikalikumbatia begi. Nilikuwa peke yangu na mwanamume, ndani ya gari lisilofunguka kwa ndani, na hata picha ya namba yake sikuwa nimemtumia dada yangu pale Sur.

"Nimefunga kwa ajili ya wajukuu," alisema mzee. "Hucheza na milango."

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kizito, chenye kuchaguliwa neno kwa neno, lakini kilikuwa Kiswahili. Alishuka, akaufungua mlango wangu kwa nje, akabonyeza kitu pembeni mwake, akauacha wazi upepo uingie. Kisha akarudi kukaa na mikono kwenye usukani.

Nilimuuliza kama siku zote alikuwa anatuelewa. Alisema amekaa na mke wake miaka arobaini na nane, angekuwa mtu gani asiyejua anachosema usingizini? Nikamuuliza kwa nini hakumleta mwenyewe, mapema. Alisema ameapa kwa jina la Mungu mbele ya wanaume, na alipoapa hakufikiria maradhi. Alisema kila siku alimngoja mkewe amwombe, na kila siku mkewe alingoja yeye aseme twende.

"Ulipokuja wewe," alisema, "nikashukuru. Lakini mimi siingii."

Tulikaa pale karibu saa nzima. Kuna wakati geti lilifunguka, akatoka mzee mwingine, mrefu, amevaa kanzu na kofia, akasimama akitutazama. Huyo alikuwa mume wa dada. Akainua mkono. Mzee wangu aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, basi. Yule alingoja kidogo, kisha akaingia ndani. Baadaye mkamwana alikuja mpaka kwenye gari, akasema kwa Kiarabu kwamba bibi anabaki, mgonjwa amelala baada ya kugeuzwa na kuoshwa, na mgeni asamehe.

Safari ya kutoka Manah hadi Nizwa ni fupi. Mzee aliniteremsha karibu na soko, akanipa mfuko wa tende, akaniambia nisisimame barabarani peke yangu. Nilimwambia sitasimama. Na kweli, sikusimama tena. Nilikaa Nizwa siku mbili bila kutoka sana, nikarudi Maskati kwa basi, nimekaa kiti cha dirishani na begi mapajani, na tulipopita Fanja nilimwona kijana wa Kizungu kando ya barabara akipunga mkono, nikageuza uso upande wa pili.

Bibi ana namba yangu. Hunitumia ujumbe wa sauti, mrefu, na nyuma yake husikika mtu mwingine akiuliza jambo kwa Kiswahili cha taratibu, na bibi akimjibu. Anasema dada yake sasa anakaa kwa mito. Anasema mumewe huja kila Ijumaa, akaegesha palepale, na wanampelekea kahawa garini. Katika ule wa mwisho aliniuliza kama bado namlaumu. Nimeusikiliza mara kadhaa, na bado sijamjibu.