Pesa ya Gego

Kwa nini pesa ikaitwa ya gego? Nilimwuliza muuza vikorokoro wa Tibirinzi, na yeye badala ya kunijibu akaitia mdomoni.

Ilikuwa kisahani cha shaba, kidogo kuliko kifuniko cha soda, kina tundu katikati na jina la duka limegongwa pembeni. Wakati wa vita vya dunia sarafu ndogo ziliadimika, wenye maduka wakajigongea zao. Mchuma karafuu alilipwa kwa hizo, na hazikupokelewa pengine ila duka lile lile. Nilitaka kuzikusanya, na hii ingekuwa ya kwanza. Jambo moja tu lilinihangaisha: nitajuaje kama ni ya kweli?

Muuzaji aliizungusha ulimini, akaitoa ikivuta uzi wa mate.

"Ya kweli ina chumvi. Onja, bibie."

"Wewe umeonja ngapi leo?"

"Yakhe! Nyie wasomi mna kinyaa kama paka."

"Na hilo gego?"

"Watu waliing'ata wajue kama ni dhahabu. Huyaoni meno hayo?"

Kweli, ukingo ulikuwa na vibonyeo, juu na chini. Lakini nani angedhani dhahabu kitu kilichogongwa jina la duka la sukari? Niliinunua hivyo hivyo, nikaishika kwa karatasi mpaka nyumbani. Nikaisugua kwa ndimu na majivu, kisha sabuni, kisha ndimu tena.

"Kama yakutia kinyaa," bibi yangu akasema, "umeileta ya nini?"

Nilirudi Tibirinzi kutafuta ya pili. Muuzaji hakuwepo mbele, nikazunguka uani. Nikamkuta amechuchumaa juu ya ndoo iliyojaa nzi. Ndani, visahani vipya vya shaba vilikuwa vimerowekwa katika mkojo wa ng'ombe na kinyesi cha kuku, vishike kutu vionekane vya zamani. Akaopoa kimoja, akakipangusa kwenye shuka yake. Hapo nikajua chumvi ile ilitoka wapi. Nilitapika kwenye ua wake wa makuti.

"Mkojo wa ng'ombe tu huo," akanifuata akisema. "Mbona dawa!"

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kuitumbukiza yangu chooni. Nimesimama juu ya shimo ndipo nilipokumbuka kwamba vya kwenye ndoo vilikuwa na kingo laini, hata kimoja hakikuwa na alama ya jino. Nikaitia kwenye kopo, nikalifunga kwa mpira. Sikuwa na hakika nayo, na kila nilipolifungua kopo mate yalinijaa.

Miaka kadhaa baadaye, huko Mtambile, nilimwonyesha pesa ile dada mkubwa wa bibi, ambaye utotoni alifuatana na mama yao kwenye karafuu. Hakuuliza ni nini. Alifungua kinywa, akanionyesha mahali pa gego la mwisho.

"Hapa ndipo ilipokaa, mwanangu. Mlangoni mwa shamba tukipekuliwa, eti tumeiba karafuu. Kanga zinakung'utwa, pesa ikianguka mpekuzi kaichukua. Basi wanawake wakaitia kinywani. Wapekuzi nao wakajua."

"Wakafanyaje?"

"Wakatia vidole." Vibonyeo vile ni vya mwanamke aliyebana meno huku kidole cha mpekuzi kikimtafuta kinywani.