Aya Niliyoiacha Katikati

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Keshero, ambao wanaisimulia vizuri kuliko mimi: siku ya mahari ya Furaha niliaibika kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Baba yake Furaha, Papa Deo, ni Mkatoliki wa upande wa Bukavu, rafiki yangu wa miaka ishirini, na aliwaruka ndugu zake wote akanichagua mimi, Mwislamu, niwe msemaji wa familia. Hata alimwomba Mama Zainabu, mzee wetu wa asili ya Kasongo aliyenifundisha Kurani utotoni, asimamie jikoni ili sisi Waislamu tule bila wasiwasi.

Basi nimekaa mbele, mikro (ndicho kipaza sauti) mkononi, nangoja zamu yangu, ndipo mchekeshaji aliyekodiwa akaanza habari za shehe mmoja anayepiga mbizi ziwani mara kumi mchana wa Ramadhani, na kila akiibuka anacheua. Watu wakacheka. Nami ningecheka (utani wenyewe haukuwa mbaya), ila niliona vijana wa msikitini wananitazama, nikasimama, nikatangaza kwamba Mungu ametukataza kukaa na wanaofanyia dini mzaha, nikageuka kwa madaha yote ya mtu aliyesoma université, nikaingia mlango nilioudhani wa kutokea.

Ulikuwa wa jikoni.

“Saidi, unaenda wapi?” Mama Zainabu akauliza, mwiko mkononi.

“Mama, wamecheza na dini. Aya inasema tusikae nao.”

“Tusikae nao mupaka wakati gani?”

Nikaanza kuisoma aya kimoyomoyo, nikakwama katikati.

“Mupaka waingie katika maneno mengine! Nilikufundisha yote, wewe ukabeba nusu. Na tena, ule mutu amechekea maneno ya Mungu ao tumbo ya shehe?”

“Tumbo, mama.”

Hapo nikasikia ua mzima unaangua kicheko, na sauti yangu ikinirudia kutoka nje, “tumbo, mama,” maana mikro nilikuwa nayo bado, na haikuwa imezimwa.

Kisha Papa Deo akaita: “Papa Saidi, maneno yamegeuka tayari! Kuya ukae, tunakungoja.”

Aya ilikuwa imenifungulia njia ya kurudi, rafiki naye pia, lakini haya haina akili. Niliweka mikro juu ya gunia la makaa, nikatokea nyuma, nikaenda nyumbani kwa miguu juu ya mawe ya volkano, nikiwa na viatu vyangu vya sherehe. Mdogo wake Deo akasema badala yangu (nasikia aligugumiza).

Baadaye niliomba msamaha. Deo akanipa chai, akasema yamekwisha. Nami nikaapa kutotoa tena mdomoni aya ambayo sijaifikisha mwisho.

Mwaka huu ikawa mahari ya binti yake wa pili. Nilialikwa, kiti cha mstari wa tatu, mikro mkononi mwa mdogo wake. Mchekeshaji yule yule akamrudisha shehe wake ziwani, nami nikacheka kuliko wote, kwa sauti, nikitazama kisogo cha Deo kama atageuka.

Hakugeuka.