Sista Polepole na Kengele Iliyovikwa Gunia

Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha nguo, mwaka wa mvua nyingi, katika chumba ambamo vumbi la pamba lilielea mchana kutwa, hata watoto wakadhani hewa yote duniani ni nyeupe. Mama yake alikuwa mfumaji, na kaka yake mkubwa alikuja kuwa mtunza boila, tangi la mvuke lililoendesha mashine. Yeye, mdogo wake, alikawia kutembea, akakawia kusema, na alipoitwa kula alifika vyombo vikioshwa. Ndiyo maana majirani wakambandika jina la Polepole. Alipoingia utawa na kusomea uuguzi, jina lilimfuata hadi zahanati ya parokia, naye akalipokea kwa kicheko.

Asubuhi moja ya kiangazi boila ilipasuka. King'ora cha kiwanda kilikufa papo hapo, basi kengele ya kanisa ikagongwa kuita msaada, ikagongwa mpaka jioni, watu wakifukua wenzao kwa mikono. Mama mfumaji hakutoka. Kaka alitoka bila hata mkwaruzo, na kila mtu akamshukuru Mungu. Lakini tangu hapo kengele ya sala ikilia tu, alipiga mayowe na kujitupa uvunguni. Mjomba wao, akihofia atajiumiza, akamfunga mnyororo katika ghala la makaa. Wala hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulitembea kama watu waliolala macho wazi. Sufuria zilianguka mikononi, akina mama walisahau watoto bombani. Paroko, mtu mwema jamani, aliyewapenda watu wake, alisema ni pepo mchafu, akaamuru kengele igongwe zaidi ili kumfukuza. Ikagongwa, na watu wakazidi kuugua.

Sista alimwombea sana kaka yake, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza lile tunaloulizana sote kila asubuhi: umelalaje? Wakamjibu salama, kama tunavyojibu sote hata tukiwa tumekesha tukilia. Naye aliketi, akasema, "Hiyo salama ni ya barabarani. Nipe ya nyumbani." Kisha akangoja. Lo, alivyojua kungoja! Chai ilipoa, vumbi la pamba lilimtulia mabegani, na mwishowe mtu akafungua kinywa. Kila nyumba ilimtajia kengele. Daktari wa zahanati alipoyasikia alikubali kwamba haya ni maradhi ya mtaa, yanayotaka tiba ya mtaa, na wakaenda pamoja kwa paroko.

Paroko alikasirika. Alisema kengele imewekwa wakfu, na kwamba sista akiendelea, mama mkuu ataombwa amhamishe. Sista alijua akihamishwa kaka yake atafia kwenye makaa. Walioshuhudia wanasema hakupandisha sauti.

"Baba, kipindupindu kikiingia mtaani, tunakagua kisima. Hatumuulizi mgonjwa ana imani kiasi gani. Njoo usikilize mtu mmoja tu."

Paroko alikwenda ghalani shingo upande. Aliketi juu ya makaa na kanzu yake nyeupe, akamwuliza kaka amelalaje, akangoja. Mwishowe kaka alisema, "Ikilia, Baba, namsikia mama ananiita, na mimi nakimbilia nje." Paroko alilia bila kujificha. Siku hiyohiyo ulimi wa kengele ulivikwa gunia, na mjomba mwenyewe akaleta ufunguo wa mnyororo.

Uponyaji haukuja kwa siku moja. Zahanati ilitenga chumba cha mazungumzo kando ya chumba cha chanjo, mlango mmoja na foleni moja, ili mtu asione haya kuingia. Humo Sista Polepole alihudumu hadi uzeeni, akafariki usingizini, bila haraka. Siku ya maziko kaka aliomba gunia livuliwe, akaigonga kengele kwa mkono wake, na hakuna aliyekimbia. Waliokuwapo husema vumbi la pamba lilishuka taratibu juu ya jeneza, ingawa kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani. Nimeyapokea hivyo, nami nayaamini.

Anayetaka kumwiga asitafute jambo kubwa. Aulize, kisha aketi. Ndivyo alivyofanya paroko, wakati huo mkongwe, asubuhi iliyofuata maziko: aliketi kando ya kaka, akamwuliza amelalaje.

"Nimemwota mama," kaka akajibu. "Safari hii tumetoka wote."